Spoku ya Thelathini na Sita

Sindano ya kwanza ilitoka kwenye baiskeli ya baba,
gurudumu la nyuma, lile lililopinda pale Kiwira
siku ya utelezi na mikungu mitatu ya ndizi.
Mama Tusekile aliichomoa spoku kwa koleo,
akaisugua kwenye jiwe la kunolea visu,
akaikunja ncha kama ukucha wa paka mchanga,
kisha akaipitisha shavuni mwake, polepole.
"Isipokwaruza shavu," akasema,
"haitakwaruza uzi."

Baba alikuwa Chunya, anatafuta dhahabu.
Alipiga simu mara moja kuulizia baiskeli.
Alipofika kwenye habari zetu, salio likakata.

Tulifumia barazani, Tukuyu, na mvua ikifuma yake.
Mvua ya kwetu haina msimu, ina mapumziko tu.
Nilikuwa natoka kwenye chai saa tisa,
vidole vimekolea kahawia
isiyosikia sabuni wala ndimu.
Ule uzi mweupe wa dukani Mwanjelwa
uliingia mikononi mwangu bibi harusi,
ukatoka mfagia soko.
"Endelea," akasema Mama Tusekile.
"Uchafu utafuliwa. Fundo bovu halifuliki."

Anza na mnyororo. Vitanzi sita. Funga duara.
Simamisha nguzo, ruka, simamisha nyingine.
Nikauliza: hapa niliporuka, nijaze nini?
Alicheka mpaka akaiweka kazi chini.
"Wewe! Lesi ni matundu.
Uzi kazi yake kuyashikilia
yasitoroke."

Nilifumua mara kumi na moja.
Jioni moja nilificha kosa nyuma ya ua;
alilipata kwa kidole gumba, akiwa anaongea na jirani
habari za bei ya maharage.
Hakunigombeza. Alivuta uzi,
akaendelea kuvuta, bado anaongea,
na wiki yangu nzima ikarudi kuwa donge.

Wakaja wengine. Bupe. Sekela na mdogo wake.
Na Gwamaka, mshona viatu,
aliyetupita sote kwa kasi
na kumwambia mama yake anakwenda mpirani.
Kila mkono ukataka sindano,
kila sindano, spoku.
Gurudumu likalegea, likajiinamia ukutani
kama mtu aliyengoja gari lisilokuja.
Niliogopa mama ataona.
Aliona. Akaenda ndani,
akarudi na koleo kubwa zaidi.

Mei, baridi ikishuka kutoka Rungwe
na kuingia hadi kwenye mito ya kulalia,
nilifunga fundo la mwisho la kitambaa changu.
Duara. Kitovu, nguzo zikitawanyika,
ukingo wa mawimbi madogo.
Sikuwa nimechora popote.
Nilikuwa nimekaa miezi saba
nikitazama ukuta ule.

Baba alirudi na redio, kikohozi,
na viatu vya mtu mwingine.
Alikwenda moja kwa moja uani.
Tulimsikia akinyamaza huko.
Aliporudi mama alikwisha tandika,
chai inatoa mvuke juu ya kazi yangu.
Baba akasogeza kikombe pembeni,
akaweka ukucha kwenye kitovu
na kuanza kuzunguka, midomo ikitikisika,
nguzo baada ya nguzo,
kama siku ile aliponunua baiskeli
na kumwambia muuzaji angoje kwanza.

"Thelathini na tano," akasema.
"Imepungua moja."

Kweli. Mzunguko wa nne.
Usiku ule umeme ulipokatika
nikaona uvivu kuwasha kibatari.

Nikachomoa sindano kwenye nywele zangu,
nikaiweka mezani, karibu na chai.
Aliitazama.
Akaichukua kwa vidole viwili,
akaipitisha shavuni.